Sketi Mbovu za Wifi Yangu

Mimi ni msusi, na msusi hana ruhusa ya kunyamaza. Mteja akikaa saa tano kichwa chake kiko mikononi mwako na wewe humwambii kitu, wiki ijayo atahamia kwa msusi mwenye habari. Kwa hiyo haya nimeshayasimulia kwa vichwa vingi, na hakuna aliyeniambia nimetia chumvi. Wifi yangu mwenyewe akinisikia huwa ananirekebisha kwenye tarakimu tu.

Wifi yangu, yaani mke wa kaka yangu, ni fundi cherehani. Kazini kwao wanamwita Fundo. Alifundishwa kushona na shangazi yake, na cherehani ya huyo shangazi ilikuwa imekufa rivasi, ile sehemu inayoirudisha sindano nyuma kidogo ili mshono ufunge usifumuke. Pesa ya kuitengeneza haikuwepo. Basi kila walipofika mwisho wa pindo walivuta nyuzi mbili kwa ndani, wakafunga fundo kwa vidole, wakalisukumia ndani ya kitambaa lisionekane. Leo wifi ana miaka hamsini na miwili, ameshonea mashine za kila aina, na rivasi bado haiamini. Anasema kitu kinachokwenda mbele na kurudi nyuma hakina msimamo.

Amefanya kazi miaka ishirini na moja kwenye karakana ya sare za shule, ghorofa ya kwanza juu ya duka la rangi. Mafundi ishirini na wawili, madirisha matatu, feni moja. Feni inamwelekea mwenye karakana. Huyo mwenye karakana hataki kuitwa bosi, anataka aitwe Mjomba. Siku ya kwanza anakupokea kwa mikono miwili na kukwambia, "Hapa hatuna bosi wala mfanyakazi, hapa sisi ni familia." Na kweli aliwalipa kama ndugu: kidogo, kwa kuchelewa, na kwa manung'uniko.

Malipo ni kwa kila sketi. Kila fundi ana namba yake, na namba hiyo inaandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye lebo ndogo ya utepe inayoshonewa ndani ya kiuno cha sketi. Wifi ni kumi na saba. Sketi ikikamilika inakwenda kwa mkaguzi. Mkaguzi ni mdogo wake mke wa Mjomba, na mafundi wanamwita Miwani kwa sababu anavaa vioo vinene vinavyomfanya aonekane anashangaa muda wote. Miwani akikuta kasoro, anaikata lebo kwa mkasi, anaibana kwa pini kwenye daftari la kasoro, na pembeni anaandika tarehe na aina ya kosa, halafu "mbovu". Sketi inatupwa kwenye gunia. Fundi halipwi. Magunia, waliambiwa, yanauzwa gereji yakawe matambara ya kufutia oili.

Kwa miaka mingi wifi alikuwa akiandikiwa sketi mbovu moja kwa mwezi, mbili kama mwezi ulikuwa mbaya. Halafu ghafla zikaanza kuwa tano kwa wiki, wakati mwingine sita. Mshono umepinda. Marinda hayalingani. Pindo fupi upande mmoja. Mwisho wa mwezi anarudi nyumbani na bahasha iliyopungua, anaiweka mezani.

"Wifi, wanakuibia hao," nilimwambia.

"Wananiibia vipi wakati wanaandika?"

"Hata mwizi anajua kuandika!"

"Miwani anasema ni macho. Anasema umri huu macho hudanganya, mtu anaona kanyoosha kumbe kapindisha."

Nikamuuliza kama na yeye mwenyewe anaona kapindisha. Akafikiri kwanza. Wifi hajibu swali kabla ya kulifikiria, jambo ambalo linaniudhi tangu aolewe.

"Mimi naona imenyooka," akasema. "Ndiyo maana naogopa."

Basi hapo ndipo shida ilipokuwa. Hela ilipungua, ndiyo, na nyumba ya vyumba viwili yenye watu wazima watatu, mimi nikiwemo, inajua hela ikipungua. Lakini hela mtu anaweza kuikimbiza. Mwenzangu alikuwa ameanza kuamini kwamba ufundi umemtoka. Mimi ningeandikiwa nywele za watu sita kwa wiki kuwa mbovu ningeitisha mkutano wa mtaa. Yeye aliwaamini. Alianza kuniomba nimtungie uzi kwenye sindano, wakati nilimwona kwa macho yangu akiutunga mwenyewe kwa mara moja asipojua natazama. Majirani wakileta nguo anawaambia, "Mpelekeeni fundi mwingine, mimi nimechoka kuona." Jioni anakaa mikono mapajani. Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma mpaka nikawa nawakwaruza wateja kwa kitana.

Miezi kumi na minne ikapita hivyo. Siku moja akamwambia kaka amtafutie mnunuzi wa cherehani yake ya nyumbani, ile ya kukanyaga kwa miguu aliyoinunua kabla hajaolewa. Kaka yangu ni dereva wa lori. Barabarani ni simba, nyumbani ana neno moja tu.

"Sawa," akasema.

"Sawa nini?" nikamrukia. "Mkeo anauza mikono yake na wewe unasema sawa?"

"Sasa niseme nini?"

"Sema hapana!"

Akamgeukia mkewe. "Hapana," akasema. Wifi akamwambia amtafute mnunuzi, na kaka akasema sawa.

Mnunuzi akapatikana, fundi viatu wa mtaa wa nyuma aliyekuwa anamtafutia binti yake mashine. Wakakubaliana bei. Angekuja kuichukua Jumapili mchana na mkokoteni.

Jumamosi asubuhi nilikuwa barazani namsuka mwalimu mmoja. Jirani yetu muuguzi akapita na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na sketi ya shule ya binti yake, mpya, haijavaliwa hata mara mbili, kifungo kimeshakatika.

"Mama, nisaidie kifungo tu," akamwambia wifi.

"Mpelekee fundi mwingine, mwanangu. Macho yangu yamekwisha."

"Kifungo kimoja, mama! Hata gizani utakishona."

Wifi akaipokea kwa aibu tu. Akaipitisha mikononi kama wafanyavyo mafundi, wanavyoitembeza nguo vidoleni kabla ya kuitazama. Akafika kwenye pindo. Vidole vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikabonyeza, vikasimama tena.

"Wifi," akaniita, "njoo uguse hapa."

"Mikono yangu ina mafuta."

"Futa."

Nikafuta kwenye nguo yangu, nikagusa. Palikuwa na kitu kidogo kigumu ndani ya pindo, mfano wa punje ya mchele.

"Fundo," nikasema.

"Langu."

"Basi ni sketi yako. Umeshona maelfu, ajabu iko wapi?"

Aliipindua sketi akafungua kiuno. Pale lebo inapokaa hapakuwa na lebo. Kulikuwa na kisiki cha utepe, upana wa ukucha, kimekatwa kwa mkasi upande upande, na juu ya kisiki kulikuwa na mstari mweusi wa wino mzito.

"Sketi ikipita, lebo haikatwi," akasema taratibu, "ili mnunuzi akilalamika ijulikane ni ya nani. Lebo inakatwa kwa zile mbovu tu. Hii ni mbovu. Hii ilitakiwa iwe gereji."

Muuguzi akaruka. "Mbovu! Nimeinunua bei kamili, mama, na risiti ninayo!"

"Mbovu wapi?" nikauliza.

Hilo ndilo wifi alilokuwa akilitafuta. Akaileta tepu yake, akapima pindo mbele, nyuma, kushoto, kulia. Akahesabu marinda, akayapima moja moja. Mwalimu niliyekuwa namsuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akainuka akaja kushika ncha ya tepu. Wakamaliza. Wifi akaikunja sketi vizuri sana, akaiweka mapajani.

"Haina kosa," akasema. Halafu akalia. Si kilio cha kelele, wifi hana kelele hata za furaha. Machozi yalitoka tu, naye akageuza sketi pembeni yasiidondokee.

Mimi hapo nilishatukana hadi mwalimu akanikumbusha kwamba yeye ni mwalimu.

Muuguzi akatuelekeza duka. Mchana uleule tulikwenda, mimi na wifi. Duka la sare, sketi zimetundikwa kwa saizi kutoka mlangoni mpaka nyuma. Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye simu shingoni, akatuuliza tunatafuta saizi gani.

"Zote," wifi akasema.

Akaanza mwisho wa ukuta. Akafumba macho. Anashika pindo, anapitisha vidole, anaachia, anashika nyingine. Akikuta fundo ananipa mimi, mimi nafungua kiuno kuangalia lebo. Mwenye duka alituvumilia robo saa.

"Jamani, mna watoto wangapi?"

"Inategemea," nikamjibu.

Tulikuta sketi arobaini na tatu zenye fundo. Kumi na tisa zilikuwa na lebo nzima yenye namba yake, kumi na saba. Ishirini na nne zilikuwa na kisiki. Nikamuuliza mwenye duka mzigo anautoa wapi, akasema bila wasiwasi, "Kwa Mjomba. Kila Ijumaa. Mtu mzuri sana yule, anatuita sote familia."

Wifi akanunua mbili zenye kisiki. Bei ya sketi moja dukani ni mara nane ya anacholipwa kuishona, na hizi mbili alizishona hakulipwa kabisa. Alitoa hela kwenye pochi, akazinyoosha noti, akamkabidhi yule mama, akaomba risiti. Mtu ananunua jasho lake mwenyewe, tena hapunguziwi! Mimi niliomba tupunguziwe. Tukaambiwa bei ni moja.

Jumapili fundi viatu akaja na mkokoteni. Alimkuta wifi amekaa kwenye cherehani, miguu inakanyaga, anashona shuka zetu zote za nyumba mapindo ambayo hayakuhitaji kushonwa.

"Mama, nimekuja kuchukua mashine."

"Siuzi."

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nikiwa kipofu," wifi akasema, wala hakuacha kukanyaga.

Fundi viatu alinitazama mimi nimweleze. Nilimweleza. Alikaa saa mbili, akaondoka na mkokoteni mtupu na habari kamili.

Jumatatu wifi alitaka kwenda kuzungumza na Mjomba peke yake. Nilimwambia twende wote. Akasema akienda na mimi haitakuwa mazungumzo. Jioni akarudi.

"Kasemaje?"

"Kanipa chai."

"Sikuulizi ulikunywa nini!"

"Nimemwambia nimeona sketi zangu dukani. Kacheka. Kasema mama, hata hilo ni macho, mafundo yako mengi mjini. Kasema angekuwa mtu mbaya angeshanifukuza, lakini kwa kuwa sisi ni familia atanihamishia kwenye kufungasha mizigo, kwa nusu ya malipo, nipumzike."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikamwambia asante."

Nikasimama. Nilitaka kwenda hukohuko karakana, usiniulize kufanya nini. Kaka, ambaye siku hiyo alikuwepo, akaweka kikombe chini.

"Hapana," akasema, bila kuambiwa na mtu.

"Nilimshukuru kwa chai," wifi akasema. "Kesho naomba ruhusa ya nusu siku. Nakwenda ofisi ya kazi."

Ofisi ya kazi iko ghorofa ya pili ya jengo ambalo ngazi zake zinakukatisha tamaa kabla hujafika. Mlangoni pamebandikwa karatasi: USIGONGE, INGIA. Wifi akagonga. Afisa kazi alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa sweta siku ya joto, mezani pake mafaili yamepangana mpaka kidevuni. Alimsikiliza wifi mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Hizo lebo zilizokatwa, anazitupa?"

"Hapana. Anazibana kwenye daftari. Zote. Ni mtu nadhifu sana."

Afisa akaandika hilo akalipigia mstari. Akatoa barua ya wito: mwajiri afike baada ya wiki tatu, pamoja na mkaguzi wake na daftari la kasoro. Wifi akaipeleka mwenyewe, akasainiwa kwamba imepokelewa, akarudi kwenye mashine yake. Kuhama kwenda kufungasha alikataa.

Katika wiki hizo tatu namba kumi na saba hakuandikiwa sketi mbovu hata moja. Macho yakapona bila dawa.

Siku ya usuluhishi nilikwenda kama msindikizaji. Afisa akaniambia ninaweza kukaa, lakini nisizungumze. Nimeshasema kazi yangu ni nini. Nilikaa juu ya mikono yangu ili angalau hiyo isizungumze.

Mjomba alikuja na suti na Miwani, na daftari likiwa limefungwa kwenye gazeti lisichafuke. Aliliweka mezani kwa fahari kabisa. Mtu aliyekuja kushitakiwa, ushahidi kaubeba mwenyewe kwapani!

"Mheshimiwa afisa," akasema, "huyu mama ni kama dada yangu. Lakini kazi ni kazi. Kila kosa lake liko hapa, na tarehe yake, na lebo yake. Mimi sifichi kitu."

"Naona," afisa akasema, akifunua kurasa. "Ni kazi nzuri sana hii. Nani aliibana?"

"Mimi," Miwani akasema, akajinyoosha kidogo.

"Na sketi zenyewe ziko wapi?"

"Zilikwenda gereji," Mjomba akajibu. "Matambara."

"Gereji ipi?"

"Gereji mbalimbali."

Afisa akamwomba wifi zile sketi. Wifi akatoa tatu: mbili za dukani na ya muuguzi, iliyokuwa na kifungo chake sasa. Afisa akaomba na nyingine yenye lebo nzima, na Mjomba mwenyewe alikuwa amekuja na mfano wa sketi nzuri kutoka karakana. Afisa akazitandaza nne mezani, viuno amevifunika kwa faili, akamwita Miwani.

"Nionyeshe ile nzuri."

Miwani akainama mpaka pua ikagusa kitambaa. Akapapasa marinda, akapima kwa jicho, akavua miwani akaifuta, akaivaa. Alikuwa anavuja jasho, na ofisi ile ina feni mbili. Mwisho akaweka kidole.

Afisa akaondoa faili. Ilikuwa ya muuguzi, ile ya kisiki.

"Hii umeandika mbovu," akasema afisa.

"Nilidhani..." Miwani akaanza.

"Subiri." Akafunua daftari mpaka miezi ya karibuni, akachukua kisiki cha sketi akakisogeza kwenye lebo moja, haikukubali. Akajaribu ya pili. Ya tano ikakubali. Mkasi ulikuwa umekata namba saba katikati; kichwa cha saba kilibaki kwenye lebo, mguu ukabaki kwenye sketi. Vilipokutana saba ikasimama, nzima. Pembeni yake mwandiko wa Miwani ulisema: marinda hayalingani, mbovu. Afisa akatoa rula kwenye droo, akapima marinda mbele ya wote, akitaja kila kipimo kwa sauti. Yalilingana yote.

Mimi nilikuwa nimeuma ulimi kwelikweli.

Mjomba akacheka kidogo. "Afisa, haya ni mambo ya ndani. Tuyamalize kifamilia. Nitampa nusu leo hii, mkononi, na yaishe."

"Zipo ngapi?" afisa akamuuliza wifi.

"Mia tatu na kumi na nane. Miezi kumi na minne."

"Hesabu zake nimeziona kwenye daftari, ni hizohizo," afisa akamwambia Mjomba. "Hii kesi ikitoka hapa inakwenda mahakamani, na daftari linakwenda nayo, na naona humu kuna namba nne, na namba tisa, na namba kumi na mbili. Hiyo nusu unayosema ni nusu ya nani?"

Mjomba alifikiria. Unaweza kumsema vibaya Mjomba kwa mengi, lakini hesabu anazijua. Akasema atalipa zote mia tatu na kumi na nane, na za wale wengine atakaa azipitie. Afisa akasema watazipitia pamoja, Alhamisi. Akaanza kuandika hati ya makubaliano, halafu akamuuliza wifi kama ana lingine la kuongeza.

"Ninalo," wifi akasema. "Nataka daftari lirekebishwe."

"Kwa maana gani?"

"Kila palipoandikwa mbovu kwenye namba yangu, akate, aandike safi. Aandike yeye Mjomba, kwa mkono wake. Mstari kwa mstari."

Afisa akaweka kalamu chini. "Mama, malipo unayapata yote. Kisheria daftari halikuongezei kitu."

"Najua."

Mjomba akapumua kwa raha. Alidhani angeombwa fidia, au barua gazetini. "Hilo tu? Dada yangu, hilo hata sasa hivi!" Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akachomoa kalamu ya dhahabu mfukoni.

Ukurasa wa kwanza aliuandika anacheka. Wa tatu akaacha kucheka. Kufika wa saba alikuwa amelegeza tai. Wifi alivuta kiti akakaa pembeni yake, kama mama anayesimamia mtoto kwenye kazi ya nyumbani, na kila mstari anaushika kwa kidole na kuusoma kwa sauti ya chini: tarehe fulani, mshono umepinda. Mjomba anakata mbovu, anaandika safi. Tarehe fulani, pindo fupi. Kata, andika. Miwani alipewa kazi ya kumshikia daftari lisijifunge. Afisa aliendelea na mafaili yake. Mara mbili Mjomba aliuliza kama anaweza kuweka alama ya vema tu badala ya kuandika neno zima, na mara zote mbili wifi alisema hapana, kwa upole kabisa. Ilikuwa saa nne tulipoingia, na sasa ilikuwa inakaribia saa nane. Mimi njaa niliisikia mpaka kwenye nywele, lakini ningepewa karamu ya harusi nisingeondoka pale.

Nilimtazama wifi anavyosoma. Mwandiko wa Miwani ni mdogo kama wa siafu akiandika, na wifi aliusoma wote bila kukunja uso, bila kusogeza daftari karibu. Miezi kumi na minne mtu huyu ananiomba nimtungie uzi.

Kwenye mwezi wa tatu kidole chake kikasimama. Mjomba alikuwa ameshapeleka kalamu, mkono umeshazoea.

"Hiyo acha," wifi akasema.

"Niache nini?"

"Tarehe tisa. Mfuko umezibwa. Hiyo usikate."

Mjomba akamtazama, Miwani akamtazama, na afisa akainua kichwa kutoka kwenye mafaili.

"Mdomo wa mfuko niliushona ukaziba," wifi akasema. "Siku ile mama yangu alikuwa amelazwa hospitali, akili yangu haikuwepo. Hiyo ilikuwa mbovu kweli. Na kwenye malipo muitoe, zibaki mia tatu na kumi na saba."

Hapo nikasahau kwamba nimekatazwa kuzungumza. "Wifi!" nikapiga kelele. "Hawa wamekula mia tatu, wewe unawarudishia moja?"

"Mama, una hakika na hiyo?" afisa akauliza. "Ni zaidi ya mwaka sasa. Hakuna anayeweza kuthibitisha."

"Nimeishona mimi," wifi akasema. "Nisipoijua mimi, ataijua nani?"

Afisa akachukua hati, akabadilisha tarakimu, akaweka sahihi pembeni. Mjomba akaliacha neno lilivyo, akageuza ukurasa.